Gari Limeshushwa, Tairi Linasugua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimeshusha gari, yaani nimepunguza kimo chake, sasa tairi linasugua. Nianzie wapi?

Anza kwa kutafuta alama, kabla hujanunua kitu chochote. Tairi likigusa mahali huacha ushahidi pande zote mbili. Kwenye plastiki ya ndani ya fenda utaona mstari unaong'aa. Kwenye chuma utaona rangi imekwanguka. Kwenye tairi lenyewe utaona pete ya mkwaruzo ubavuni au bega lililochongeka. Wakati mwingine kuna vumbi jeusi la mpira limekaa juu ya kikombe cha springi (kile kisahani springi inapokalia), na hapo huhitaji fundi wa kukuambia kinachogusa ni nini.

Alama ndiyo inayokupa dawa. Tairi linalogusa ukingo wa fenda kwa nje na tairi linalogusa shokapu kwa ndani yanapiga kelele zinazofanana, lakini matibabu yake yanapingana: la kwanza linataka kuingizwa ndani, la pili linataka kutolewa nje. Anayenunua spesa (kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu kusukuma gurudumu nje) kwa kusikia sauti tu huishia na gari linalosugua kuliko mwanzo.

Nimetazama, sioni alama yoyote. Nitaipataje?

Safisha kwanza. Osha sehemu yote ya ndani ya fenda, kisha iache ikauke. Paka chaki iliyolowekwa maji kidogo kwenye ukingo wa fenda, kwenye plastiki na kwenye kikombe cha springi, au bandika utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi. Endesha pole pole kwenye njia unayojua kuwa husugua, halafu simama uangalie chaki imefutika wapi.

Njia ya pili ni kuilazimisha sapensheni ibonyee gari likiwa limesimama. Panga mbao ngumu, pana, zisizoteleza, hadi kimo cha sentimita 15 hivi, kisha pandisha gurudumu moja la mbele juu yake, na la nyuma la upande wa pili nalo juu ya mbao zake. Gari litajipinda na magurudumu hayo mawili yataingia juu kabisa ndani ya fenda. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu yaliyo chini, kisha mulika kwa tochi. Zungusha usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto, huku mtu mwingine akitazama. Asiingize kichwa wala mkono kati ya tairi na fenda, na asiende chini ya gari.

Wanaotaka uhakika kabisa hutoa springi, wanafunga shokapu peke yake, wanainua gurudumu kwa jeki mpaka raba ya kikomo (ile ya kwenye fimbo ya shokapu inayozuia gurudumu kupanda zaidi) ibane, gari likiwa limekaa kwenye stendi. Hapo unaona mahali pa juu kabisa ambapo tairi linaweza kufika. Ni kazi ya nusu siku, lakini baada yake hubahatishi tena.

Gari likisimama vidole viwili vinapita kati ya tairi na fenda. Mbona bado linasugua?

Kwa sababu nafasi ya gari lililosimama haikuambii mengi. Ukipita kwenye tuta au shimo, gurudumu hupanda sentimita kadhaa, na ukikata kona kwa kasi bodi hulalia upande wa nje. Uliposhusha gari kwa milimita 40 uliondoa milimita 40 za safari hiyo, kwa hiyo tairi linaishi karibu na fenda muda wote. Springi fupi nzuri hutengenezwa ngumu zaidi kufidia hilo. Zilizofupishwa tu bila kuongezwa ugumu hazifidii kitu.

Linasugua nikikata usukani hadi mwisho tu. Ni tatizo kubwa?

Mara nyingi ndilo dogo kuliko yote. Tairi la mbele likigeuzwa hadi mwisho, pembe yake ya mbele au ya nyuma huchora duara ndani ya fenda na kugusa plastiki. Plastiki hiyo unaweza kuipasha moto kwa bunduki ya hewa moto, ukaisukuma nyuma kwa mkono wenye glavu nene na kuishikilia hadi ipoe, kisha ukaongeza kipini pale inapolegea. Angalia kwanza nyuma yake kuna nini: chupa ya maji ya waipa na nyaya hupenda kukaa hapo. Ukilazimika kukata, kata kipande kidogo chenye ukingo laini. Kuiacha itobolewe na tairi ni kualika matope na maji kwenye nyaya na viungo vya bodi.

Kabla ya yote hayo, tazama pale bampa inapokutana na fenda. Magari mengi yana skrubu hapo, kichwa chake kimechomoza chini kuelekea tairi. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani haimdhuru mtu. Likishushwa, kichwa hicho huchora mfereji kwenye bega la tairi kila ukigeuka. Weka skrubu ya kichwa bapa, au hamishia kishikizo pembeni. Unaweza kumaliza tatizo zima kwa skrubu moja.

Kama kinachoguswa ni chuma cha fremu, fimbo ya kusawazisha gari au wishiboni (mkono wa chuma unaoshika gurudumu), jambo linabadilika. Magari mengine yana bolti za kikomo cha usukani zinazorekebishika, na mengine huwekewa vipande vya kuzuia kwenye reki ya stelingi (mtambo unaogeuza magurudumu) ili usukani usifike mwisho. Utalipa kwa kugeuza gari kwenye nafasi kubwa zaidi, na wakati wa kuegesha utaliona hilo.

Linasugua nyuma nikipakia abiria tu.

Hiyo ni kawaida ya gari lililoshushwa kwa springi laini. Uzito wa watu watatu nyuma na mizigo kwenye buti unabonyeza sapensheni kabla hujagusa tuta lolote. Una njia tatu za kweli: springi ngumu zaidi za nyuma, kimo kilichopandishwa kidogo, au raba ya kikomo iliyoongezwa unene. Kugonga fenda kwa nyundo kutoka ndani, kama wengine wanavyofanya, huleta rangi inayobanduka na kutu inayoanza mahali usipopaona.

Mbona ni upande mmoja tu?

Swali zuri, na jibu lake mara nyingi halihusiani na rimu. Springi iliyovunjika mzunguko wa chini hushusha kona moja. Bushi (raba ya kiungo) ya wishiboni iliyokufa huruhusu gurudumu kurudi nyuma unapofunga breki, likagusa plastiki ya nyuma. Gari lililowahi kugongwa huweza kuwa na wishiboni iliyopinda au fremu ndogo ya mbele iliyofungwa milimita chache pembeni. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu ambako gurudumu hufungwa) hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, kisha linganisha. Pima pia umbali wa tairi kutoka ukingo wa fenda kwa upande, ukitumia uzi wenye kitu kizito mwishoni ulioning'inizwa kwenye fenda.

Kuna kisa kimoja cha pekee. Magari yenye ekseli nzima ya nyuma inayoshikiliwa na fimbo ya Panhard, yaani ile fimbo ya kukingama inayotoka upande mmoja wa bodi kwenda upande wa pili wa ekseli, yana tabia yake. Fimbo hiyo huzunguka kwenye tao. Ukishusha gari, tao hilo linaisukuma ekseli yote upande mmoja. Tairi moja linatoka nje, la pili linaingia ndani, na mwenye gari anadhani bodi imepinda. Dawa ni fimbo inayorekebishika urefu. Unairefusha au kuifupisha mpaka ekseli ikae katikati gari likiwa kwenye kimo chake kipya.

Ofseti ni nini, na inahusikaje?

Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Huandikwa ET pamoja na namba, kwa mfano ET45. Namba ikipungua, rimu inatoka nje. Ikiongezeka, inaingia ndani.

Usiitazame peke yake, itazame pamoja na upana. Tuseme gari lilikuja na rimu ya upana wa inchi 7 yenye ET45, nawe umefunga ya inchi 8 yenye ET35. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo kila upande umeongezeka milimita 12.7. Ofseti imepungua kwa 10, kwa hiyo rimu yote imesogea nje milimita 10. Kwa nje umetoka milimita 22.7, kwa ndani umeingia milimita 2.7 tu. Gari hilo likisugua ukingo wa fenda hakuna cha kushangaa, na hakuna springi itakayolisaidia. Rimu hiyo hiyo ya inchi 8 ikiwa na ET45 ingetoka nje 12.7 na kuingia ndani 12.7, na pengine ingegusa shokapu. Fanya hesabu hii kabla ya kununua rimu. Muuzaji akikwambia "zinaingia", maana yake bolti zimelingana na matundu.

Nikipunguza saizi ya tairi itasaidia?

Husaidia sana, na mara nyingi ndiyo njia safi kuliko zote, kwa sababu hukati wala hukunji chochote. Chukua tairi la 225/45R17, yaani upana wa milimita 225, ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kipenyo chake ni kama milimita 634. Ukienda 215/45R17 unapata 625: juu umepata nafasi ya milimita 4.5, na kila ubavu umepungua milimita 5. Kwa gari linalogusa kidogo tu, hizo zinatosha.

Ukienda 215/40R17, kipenyo kinashuka hadi karibu 604. Sasa una milimita 15 za ziada juu ya tairi, lakini spidomita itakudanganya: itaonyesha 100 wakati gari linakwenda kama 95. Pia ubavu mfupi haupendi mashimo, na rimu huanza kupinda. Mimi ningeishia kwenye hatua ya kwanza.

Jambo moja lisirukwe: namba ya uwezo wa kubeba mzigo. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi, 87 ni kilo 545, 84 ni kilo 500. Tairi dogo zaidi huweza kuja na namba ndogo, kwa hiyo angalia kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari ujue gari lako linahitaji ngapi.

Matairi ya zamani hayakuwa yanasugua. Nimeweka mapya, saizi ile ile, yameanza.

Saizi iliyoandikwa ubavuni si kipimo cha fundi cherehani. Tairi la 225 la kampuni moja huweza kuwa pana kuliko la kampuni nyingine, na mengine yana mabega ya mraba wakati mengine yameviringika. Bega la mraba ndilo linalofika kwenye fenda mapema. Juu ya hayo, tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi, wakati la zamani pengine lilibaki na 2. Hapo peke yake kipenyo kimeongezeka milimita 12. Huenda gari lako lilikuwa limepona kwa sababu ya matairi vipara.

Nikunje ukingo wa fenda?

Ikiwa alama iko kwenye ukingo wa ndani wa fenda, ndiyo, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukingo ule umekunjwa kuelekea ndani kama sentimita moja au zaidi, na kuulaza bapa kunakupa nafasi yote hiyo bila kugusa sapensheni.

Ifanyike kwa kifaa cha kukunjia kinachofungwa kwenye habu, chenye gurudumu dogo la plastiki ngumu linalopita ukingoni huku na huku. Rangi lazima ipashwe joto kwa bunduki ya hewa moto muda wote hadi usiweze kuiwekea kiganja kwa muda, maana rangi baridi hupasuka. Kila mpito uongeze mkunjo kidogo sana. Mwenye haraka hupata fenda yenye mawimbi yanayoonekana jua likipiga upande.

Kwanza chunguza kama fenda ina puti, yaani kijazio kinachopakwa chini ya rangi kuficha bonde. Gonga kwa kifundo cha kidole ukisikiliza, au tumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: ikikataa kunasa, hapo pana puti, nayo itapasuka tu hata uipashe moto vipi. Fenda za nyuma nyingi zina bati mbili zilizoshonwa pamoja zikiwa na gundi ya kuzuia maji katikati. Ukikunja, gundi inaachia. Ipake upya pamoja na rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Kifaa kukosekana, utaona mtu akizungusha gogo au mpini kati ya tairi na fenda huku gari likisukumwa. Huwa inakubali, ila rangi ya gari lako ndiyo dhamana.

Na spesa je?

Spesa ni dawa ya tairi linalogusa ndani: shokapu, kikombe cha springi, wishiboni. Kwa tairi linalogusa fenda ni sumu. Milimita 5 mara nyingi hutosha kuliondoa tairi kwenye shokapu. Chagua zenye tundu la katikati linaloshika habu sawasawa, vinginevyo usukani utatetemeka.

Hesabu nyuzi za bolti. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati iingie kwenye uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi (bolti iliyokaa kwenye habu). Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5 (umbali kati ya uzi na uzi), ni mizunguko 8. Ikipungua, weka stadi ndefu. Usipange spesa mbili juu ya nyingine.

Kulaza tairi kwa kemba kunasaidia?

Kemba hasi, yaani kichwa cha tairi kuelekea ndani, huondoa bega la juu kwenye fenda. Kwa tairi la kipenyo cha milimita 630, kila digrii moja ya mlalo huvuta sehemu ya juu ndani kwa milimita 5 hivi. Digrii moja au moja na nusu za ziada zinavumilika. Zaidi ya hapo upande wa ndani wa tairi unaliwa upesi, na gari linapoteza mshiko kwenye breki za ghafla. Hakikisha pia kichwa hicho hakiendi kugusa shokapu.

Shokapu ngumu au raba ya kikomo, ipi inazuia kusugua?

Raba. Shokapu hupunguza kasi ya gurudumu kupanda, na springi ngumu hupunguza mara ngapi linapanda sana. Kinachoamua linafika wapi mwisho wake ni ile raba kwenye fimbo ya shokapu. Ndiyo maana kuikata raba hiyo ili gari "liwe laini" huanzisha kusugua ambako hakukuwepo. Ukiwa umeshafanya mengine yote na bado tairi linafika juu kwa milimita chache, ongeza vipande vya kujazia chini ya raba. Gari litadunda zaidi kwenye mashimo, lakini tairi litasimama kabla ya chuma. Ikiwa springi zako zimekuja na maelekezo ya kukata raba kwa kipimo fulani, fuata kipimo hicho.

Springi za zamani zikikatwa mzunguko mmoja, kuna ubaya?

Upo. Springi iliyokatwa huwa ngumu kidogo, hilo ni kweli, lakini mwisho wake haukai tena kwenye kikombe. Gari likiinuliwa, springi inalegea na inaweza kuhama. Na shokapu zinabaki za urefu wa zamani. Kuzipasha springi moto ili zishuke ni vibaya zaidi: chuma kinapoteza ukakamavu wake, na kila kona inashuka kivyake. Zilizokatwa au kuchomwa, zitoe.

Nina koilova (springi na shokapu za pamoja zinazorekebishika kimo). Si nizipandishe tu?

Anza na hilo, halina gharama. Milimita 10 zinaweza kumaliza kazi. Ila jua koilova yako ni ya aina gani. Zile zinazoshusha gari kwa kusogeza kikombe cha springi haziongezi mahali tairi linapofika juu kabisa. Zile zinazoshusha kwa kuzungusha mwili wa shokapu ndani ya mguu wake wa chini huhamisha safari nzima juu: ukishusha milimita 30, tairi linaweza kufika milimita 30 juu zaidi ndani ya fenda. Watu hushangaa kwa nini gari la jirani limeshuka vile vile na halisugui. Sababu inaweza kuwa hiyo.

Tairi jembamba kwenye rimu pana si suluhisho?

Linavuta ubavu ndani, ndiyo. Lakini tairi la 205/45R17 limekubaliwa kwa rimu za inchi 6.5 hadi 7.5. Kulivalisha rimu ya 9 ni kuliacha bila kinga pembeni, na kona kali au upepo ukipungua, linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Kwa gari la maonyesho, sawa. Kwa gari la kupeleka watoto shule, hapana.

Naweza kuendelea kuendesha wakati nikisubiri fundi?

Kama ni plastiki inayoguswa usukani ukifika mwisho, endesha pole pole na usigeuze hadi mwisho. Kama ni chuma kinachogusa tairi, simamisha gari. Kama tairi au rimu inagusa mpira wa breki au waya wa kihisi cha ABS, simamisha hapo ulipo.

Tairi limechongeka. Bado zima?

Mkwaruzo wa juu juu kwenye meno si kitu. Kwenye ubavu au begani, tafuta nyuzi: ukiona kitambaa au waya, au uvimbe, tairi hilo limekwisha. Ubavu hauzibwi. Lizungushe lote ukilitazama, pamoja na upande wa ndani ambao hauonekani likiwa limefungwa, kwa sababu tairi linalogusa shokapu huliwa kule kule.

Baada ya kurekebisha, nini kinabaki?

Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, hata kama usukani umenyooka. Kushusha gari hubadilisha uelekeo wa matairi, na huo hula mpira haraka kuliko kemba. Rekebisha pia mwanga wa taa za mbele, maana kimo kimebadilika. Kisha rudisha chaki kwenye fenda, pakia watu, pita kwenye tuta lile lile. Kaza nati kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa ukiwa umeweka spesa au rimu mpya. Chaki ikibaki nzima kwa wiki moja, ioshe.